Taja Ugonjwa Wake

Tulimzika Mama Kabula kule Mwandoya siku ya Jumanne, na mimi nilikaa benchi la mbele pamoja na wazee wa ukoo ingawa sina undugu nao hata wa mbali. Nilifika na gari langu mwenyewe, nikaleta magunia mawili ya mchele na maturubai ya kivuli, na nayasema haya bila kuona haya kwa sababu kila aliyekuwepo aliyaona. Baada ya maziko, Kabula mwenyewe, binti wa marehemu, alikuja kunisalimia. Sasa ni mwanamke mzima mwenye miwani na duka la ushonaji Bariadi, ana mafundi wanne chini yake. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili. "Shikamoo, kaka. Unajua mama mpaka anaondoka hakuwahi kulishika jina lako? Alikuwa anakuita Yule wa Ugonjwa." Wazee wawili waliokuwa karibu waligeuka wakanitazama kwa huruma, wakidhani naumwa. Nilijifunika mdomo kwa leso ili nisicheke msibani. Njia nzima ya kurudi Bariadi niliendesha polepole, nikiwa na mwaka mmoja tu kichwani, ule mwaka wangu wa kwanza wa kunadi mali katika minada ya Usukumani.

Nyumbani nilimkuta binti yangu Holo sebuleni na simu zake mbili. Yeye ndiye anayeendesha biashara yangu siku hizi, biashara ya vitu vilivyotumika ambayo niliianza na sanduku moja na sauti. Sasa mnada wetu uko mtandaoni: kitu kinapigwa picha, kinawekwa kwenye kundi la wateja, watu wanapandishiana bei mpaka Jumamosi saa sita mchana, na aliye juu anakichukua. Wateja tunao hadi Shinyanga na Mwanza. Holo ni msomi wa chuo kikuu na ni mkali. "Baba, yule mteja wa Maswa amerudisha friji," alisema hata kabla sijavua viatu. "Anasema inanguruma. Friji gani haingurumi? Namtoa kwenye kundi." Nikamuuliza kama kwenye tangazo aliandika kwamba inanguruma. Akaiweka simu moja chini. "Kwani nikiandika hivyo nani atainunua, baba?" Nilikaa kwenye kiti changu nikamwomba chai. Swali hilo niliwahi kuulizwa na mtu mwingine kwa namna nyingine, nikiwa na umri mdogo kuliko wake, na jibu lilinitoa jasho mbele ya watu zaidi ya mia tatu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati wa ruksa, Bariadi ikiwa bado chini ya Shinyanga. Nchi ilikuwa imefunguliwa. Vitu ambavyo tulikuwa tunavisikia tu vilianza kuonekana madukani, mashirika yalikuwa yanauza samani zao, na wanunuzi wa pamba wasiokuwa wa ushirika walianza kupita vijijini na malori yao. Mimi nilikuwa Dar es Salaam, nina stashahada ya biashara, na wengi wa rika langu kutoka kijijini kwetu Sola hawakuwa hata wamemaliza sekondari. Nilikuwa karani wa stoo katika shirika moja. Niliacha kazi kwa hiari yangu miezi minne kabla wenzangu hawajapunguzwa, na hadi leo wakikutana nami wananiuliza nani alininong'oneza. Hakuna aliyeninong'oneza. Niliangalia rafu za stoo, nikaona zinazidi kuwa tupu, nikajua. Nikachukua akiba yangu yote nikaenda Mwanza, nikanunua vitu vilivyotumika kwa watu waliokuwa wanahama nyumba za mashirika: baiskeli, redio, vyerehani, taa za karabai, saa za ukutani. Nikapakia kwenye lori nikarudi nyumbani, nimevaa suruali ya kitambaa na shati jeupe, nikijua kwamba hakuna mtu kati ya Maswa na Meatu anayejua kuuza kuliko mimi.

Nilipanga chumba Bariadi kwa mjane mmoja aitwaye Mama Sayi. Chumba kilikuwa cha sakafu ya saruji iliyochimbika karibu na mlango, na kuta zake hazikufika kwenye bati, ziliishia kimo cha mtu na nusu, kwa hiyo kila neno la nyumba ile lilipita juu kama moshi. Nilizipanga redio zangu chini ya kitanda na vyerehani kando ya dirisha. Mama Sayi alinipikia. Alikuwa na ugali wa mtama mzito, mweusi kidogo, ambao ulikuwa unashikwa mkononi kama tofali, na furu, samaki wadogo wa ziwani waliokaushwa, ambao aliwachemsha kwa karanga. Dar nilikuwa nimezoea wali, lakini baada ya wiki mbili nilianza kuamka nikiuwaza ugali ule. Jioni moja nikiwa nimelala chali nasubiri chakula nilimsikia akizungumza na jirani yake jikoni. Jirani aliuliza, "Huyu mpangaji wako anayenadi, mali yake nzuri?" Mama Sayi alichochea moto kwanza. "Anaongea vizuri mpaka unaogopa," akasema. "Anasifia sana. Kitu kizima kinasifiwa hivyo?" Wakacheka wote wawili. Mimi nikajiambia kwamba wanawake wale hawajui biashara, na nilipoletewa ugali nikaula wote.

Sijisifu nikisema nilikuwa hodari. Mnada wa Mwandoya ulikuwa mkubwa, ng'ombe upande mmoja na bidhaa upande mwingine, vumbi likiwa la wote. Nilisimama juu ya sanduku, nikainua redio kwa mkono mmoja, nikaisifia kwa Kiswahili cha Dar ambacho watu walikuja kukisikiliza hata kama hawakuwa na haja ya redio. Nyuma yangu nilikuwa nimetundika kibao nilichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: MALI IKIUZWA HAIRUDI. Hilo nilifundishwa chuoni, kwamba muuzaji aweke masharti yake wazi mapema. Wateja walikisoma, waliojua kusoma waliwasomea wasiojua, na wote wakatabasamu kwa upole kama mtu anayemwona mtoto amevaa viatu vya baba yake. Sikuelewa kwa nini.

Nilikuwa nimesahau nilikotoka. Upande wa pili wa uwanja ule, hatua hamsini kutoka kwenye sanduku langu, ng'ombe walikuwa wanauzwa na watu ambao hawakusifia chochote. Muuzaji alisimama na fimbo yake kando ya ng'ombe, na mnunuzi alizunguka, akagusa nundu, akaangalia meno, kisha akauliza, "Anaumwa nini?" Na muuzaji akajibu. Huyu anapiga teke ukimkamua upande wa kushoto. Huyu anavunja boma. Huyu alitupa mimba mwaka jana. Ndipo bei ilipoanza. Ng'ombe asiyetajiwa kitu alitazamwa kwa wasiwasi, kwa sababu ng'ombe wa hivyo hayupo, maana yake mwenye mali amemeza neno. Na ng'ombe aliyenunuliwa alikwenda nyumbani kuonwa na wenye nyumba. Akionekana na ugonjwa ambao haukutajwa, alirudi siku ya mnada uliofuata akiongozwa na kamba, bila ugomvi. Kwa hiyo watu wale walipokuja kwangu waliniuliza lile lile. "Redio hii inaumwa nini, kijana?" Nami nikajibu kwa sauti ya juu, "Haiumwi, mzee! Nzima kabisa! Kama imetoka kiwandani jana!"

Baiskeli ya kwanza niliyoiuza Mwandoya ilirudi baada ya wiki moja ikiwa na matope ya kijiji cha Lingeka hadi kwenye kengele. Mwenye kuirudisha alikuwa mzee mtaratibu sana. "Mwadila, baba," akanisalimia. "Nyumbani wamekataa. Mke mkubwa anasema inalia shingoni ikipanda mlima." Nikamwonyesha kibao. Akakiangalia kwa heshima, kisha akaiegemeza baiskeli kwenye sanduku langu na kwenda zake kuangalia ng'ombe, kana kwamba jambo limekwisha. Alikuwepo pia mtu mmoja aitwaye Masanja, kijana wa miraba minne mwenye ng'ombe wengi kuliko miaka yake, ambaye aliinua fimbo kwa kila kitu nilichokinadi. Alipandisha bei ya taa, alipandisha bei ya saa, na nilipotamka kwamba mali ni yake alisema, "Mimi? Nilikuwa nafukuza nzi." Watu wakaangua kicheko. Nilimvumilia mara tatu. Mara ya nne, alipoinua fimbo kwenye saa ya ukutani, nikashuka kwenye sanduku, nikapita katikati ya watu, nikaitundika saa ile kwenye hiyo fimbo yake, nikarudi juu nikaendelea na kitu kingine. Alisimama na saa inaning'inia mbele ya wasichana wa Mwandoya mpaka akatoa pesa. Tangu siku ile tukawa marafiki. Hivi ndivyo ninavyomwambia Holo: mnunuzi wa kukutania usimfukuze, mpe mali aishike mbele za watu.

Lakini Mama Kabula hakuwa mtu wa utani. Alinunua cherehani kwangu mwezi wa saba, baada ya pamba kuuzwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mjane anayelima mwenyewe, na alipandisha bei bila kupiga kelele, akiinua kidole kimoja tu kutoka kwenye khanga yake. Cherehani lenyewe lilikuwa zuri kwa macho, jeusi, lenye maua ya dhahabu ubavuni. Nililinunua Mwanza kwa fundi mmoja ambaye, wakati ananifungia kwa kamba, aliniambia maneno ambayo niliyasikia vizuri sana. "Hili linashona kitenge na khanga bila tabu. Kitambaa kizito halitaki. Linaruka nyuzi." Nilimshukuru nikaenda. Juu ya sanduku pale Mwandoya nilisema cherehani lile linaweza kushona hata turubai. Nakumbuka neno hilo, turubai, kwa sababu watu walilipenda, na mimi nikapenda walivyolipenda. Mama Kabula alilibeba kichwani, na binti yake wa miaka kumi na saba akamfuata nyuma na meza yake.

Wiki tatu baadaye alirudi nalo. Hakulalamika. Aliniamkia, akaliweka chini karibu na sanduku langu, akasema, "Linaumwa, baba. Linaruka." Nikamwonyesha kibao. "Nimeshasomewa," akasema. Basi akakaa. Alikaa chini, miguu ameinyoosha, cherehani kando yake, na kila aliyepita akamsalimia kwa jina la ukoo na kumuuliza hali ya watoto na ya mvua. Hakunitaja hata mara moja. Hakuna aliyemuuliza cherehani limefanya nini. Waliliangalia, wakaniangalia, wakanunua kwa watu wengine. Mnada uliofuata akaja tena, akakaa pale pale, na safari hii alikuwa na matobolwa kwenye kikapu, akawa anagawa viazi vile kwa wapita njia na hata mimi akanipa. Nilivitafuna. Vilikuwa vitamu, vya kukausha vizuri, na kila nilipotafuna niliona mtu mwingine anageuka na kuondoka. Mnada wa tatu sikuuza hata utambi. Nilimwahidi pesa zake zote, akasema hataki pesa. Nilimpa cherehani lingine, akauliza hilo nalo linaumwa nini, nikasema haliumwi, akatikisa kichwa akatazama pembeni. Masanja alinivuta kando. "Rafiki yangu," akasema, "huyu mama akikaa hapa mpaka masika, hata mimi nitakukimbia. Nenda kwake. Mtu hamalizi neno uwanjani."

Nilikuwa nimefika mahali pabaya. Akiba yangu yote ilikuwa imelala chini ya kitanda kwa Mama Sayi, na Mwandoya ndiyo iliyokuwa inanilisha, kwa sababu watu wake walikuwa wanakwenda minada mingine na maneno yao. Kurudi Dar ningewakuta wale niliowaambia naenda kuwa tajiri. Kwa hiyo nilipanda baiskeli iliyokuwa inalia shingoni, nikaenda kwa Mama Kabula saa nne za asubuhi, nimevaa shati langu jeupe, nimejiandaa kwa hoja.

Nyumba yake ilikuwa ya udongo, paa la bati jipya, uwanja umefagiliwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Nilikaribishwa ndani. Chumba kile nakiona mpaka leo: stuli nne za kuchonga, mtungi wa maji pembeni na kikombe cha bati juu yake, na kwenye ukuta kalenda ya miaka miwili iliyopita iliyobaki kwa sababu ya picha ya Bikira Maria. Cherehani lilikuwa kwenye kona, limefunikwa kitambaa cheupe. Kando yake kulikuwa na kaptula za shule za kaki, zimekunjwa kwa uangalifu, sita. Binti, Kabula, aliniletea maji ya kunawa, akapiga goti akanisalimia bila kunitazama. Ukaja ugali na maziwa ya mgando na mlenda, nikaachwa nile peke yangu kama mgeni wa heshima. Mama Kabula alikuwa jikoni, kibanda cha nje kilichopakana na ukuta wa chumba, na pamoja naye alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye nilimkuta akinoa panga uani. Walizungumza Kisukuma bila kupunguza sauti. Mimi nilikuwa nimewasalimia kwa Kiswahili changu cha Dar, na kwa sababu hiyo walinihesabu kama mtu wa pwani. Kumbe mimi ni Msukuma wa Sola, na maneno yao yote yaliniingia.

"Chukua pesa, shemeji," alisema yule mwanaume. "Anakupa zote. Unataka nini kwa huyu kijana, umuoze?"

"Pesa zitafanya nini?"

"Zitanunua ndama."

"Na mikono ya Kabula nitainunulia wapi?" akasema Mama Kabula. "Ameshona kaptula za watoto wa watu, zimeachia matakoni darasani. Mama Doto amesema kisimani kwamba binti yangu ana mikono mibovu. Sasa wanasema wote. Juzi kitambaa cha kwaya kimepelekwa kwa fundi wa Maswa, na kanisa liko hapa."

Shemeji akacheka kidogo. "Kwani uongo? Alipokuwa mdogo kila ukimpa kibuyu cha maziwa anakimwaga."

"Na wewe unasema."

"Natania, shemeji."

"Usitanie. Ameanza kuamini mwenyewe. Hashoni tena. Namwambia ashone hata mto, anasema mama, nitauharibu." Nilisikia kifuniko cha sufuria kikiwekwa chini. "Huyu kijana alisema mbele ya Mwandoya nzima kwamba cherehani ni zima. Kama cherehani ni zima, mwenye ubovu ni nani? Basi aseme pale pale aliposema. Akinipa pesa humu ndani nani atasikia?"

Nilikuwa na tonge mkononi. Nimekula vyakula vingi katika maisha yangu, nimealikwa na wakuu wa wilaya watatu kwa nyakati mbalimbali, lakini hakuna tonge lililokuwa gumu kushuka kama lile. Mbele yangu zilikuwa kaptula sita. Niliinuka na mkono ambao haujanawa, nikachukua moja, nikaigeuza ndani nje. Mshono ulikuwa umenyooka kama uzi wa fundi ujenzi. Mikono ya binti ilikuwa imefanya kazi yake yote. Lakini kila baada ya hatua nne au tano za sindano uzi uliruka, ukaacha nafasi ya ukucha, ukaendelea, ukaruka tena. Ulikuwa ule ule ugonjwa niliotajiwa Mwanza. Nikairudisha ilivyokuwa, nikanawa, nikatoka nje. Hoja zangu zote za chuoni zilikuwa zimekwisha. Nikamwambia Mama Kabula, kwa Kisukuma safi cha nyumbani, "Mayu, mama yangu, lete cherehani mnadani. Na Kabula mwenyewe aje."

Yule shemeji aliliacha panga likaanguka. Mama Kabula hakushtuka. Akasema, "Kumbe unaongea."

Siku ya mnada nilipanda juu ya sanduku langu, na sitaki mtu afikiri nilikuwa shujaa. Usiku uliotangulia nilikuwa nimejiambia mara kumi kwamba ninajizika mwenyewe. Muuzaji anayekiri kwamba alijua, nani atamwamini tena? Nilikishusha kile kibao kwa sababu sikuweza kusema niliyotaka kusema huku kiko nyuma yangu. Nikalipandisha cherehani juu ya sanduku. Watu wakasogea, kwa sababu walimwona Mama Kabula amesimama, si amekaa, na Kabula yuko ubavuni mwake, mikono ndani ya khanga.

"Hili ni cherehani la Mama Kabula," nikasema. "Linanadiwa upya. Linaumwa."

Waliokuwa nyuma wakasogea mbele. Ng'ombe walisikika.

"Linaumwa nini?" akauliza mzee wa Lingeka, yule wa baiskeli.

"Kitambaa kizito linaruka nyuzi. Kaki, jinzi, linaruka. Kitenge na khanga linashona bila tabu. Fundi aliyeniuzia Mwanza alinitajia. Nilijua. Niliposimama hapa nikawaambia linashona turubai, nilikuwa najua."

"Ulijua?" Masanja aliuliza, na hakuwa anatania.

"Nilijua."

Nilisubiri matusi. Nilisubiri mtu aokote kitu. Badala yake yule mzee wa Lingeka aligeuka polepole, si kwangu, akamtazama Kabula, kisha akawatazama wanawake waliokuwa nyuma yake. "Basi haikuwa mikono ya binti," akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayesema mvua imekatika. Neno likapita kwenye watu, nililiona linavyopita, vichwa vikigeukiana mpaka nyuma kabisa. Mtu mmoja akapaza sauti, "Na hiyo redio, inaumwa nini?" Nikasema kitufe chake cha sauti kinakwama. "Na taa?" Inavuja ukiilaza. "Na baiskeli?" Inalia shingoni, mzee anajua. Wakacheka, na kicheko kile hakikuwa cha kunizomea, kilikuwa kile kile cha upande wa ng'ombe. "Sasa nadi!" Masanja akasema. "Tumeshasikia, nadi!"

Nikanadi. Fundi mmoja aliyekuja kutoka Maswa alianza, akataja bei ya chini. Sikusifia hata neno moja, na ilikuwa kazi ngumu, ulimi ulikuwa unataka kutoka wenyewe. Nilidhani Mama Kabula atainua kidole chake. Hakuinua. Alisimama tu, midomo ameibana. Nikarudia bei ya fundi mara ya kwanza. Nikarudia mara ya pili. Na ndipo mkono ukatoka kwenye khanga nyingine, mkono mwembamba wa Kabula, ukapanda mpaka juu kabisa, na sauti ambayo nilikuwa nimeisikia mara moja tu ikataja bei yake. Fundi akapandisha. Kabula akapandisha. Fundi akapandisha tena, na watu wakaanza kumtazama vibaya, na Masanja akasogea karibu naye kwa upole unaotisha. Kabula hakumtazama mtu. Alipandisha mara ya tatu, na safari hii alinitazama mimi, moja kwa moja.

Fundi wa Maswa akacheka, akashusha mkono. "Chukua, dada. Nilitaka kuona kama unalitaka. Ukipata nafasi njoo kwangu nikuonyeshe uzi wa chini unavyokazwa, huenda tukalitibu."

Bei yake ilikuwa chini ya ile aliyolipa mama yake mwezi wa saba, kwa hiyo hakulipa upya, nami tofauti nikamrudishia mama yake pale pale. Sikupata nafasi ya kusema neno lingine, kwa sababu mwanamke mnene alikuwa anapenya katikati ya watu, na nilisikia mtu anamwita Mama Doto. Alifika mbele ya Kabula. Hakuomba radhi. Kwetu watu hawaombi radhi hivyo, kwa maneno. Alilitazama cherehani, akalitazama kwapa la gauni lake mwenyewe kama aliyeona tundu, akasema, "Nina kitenge nyumbani. Yadi sita. Sijampa mtu." Kisha akainua mikono yote miwili pembeni, akasimama hivyo, mkubwa, katikati ya vumbi la mnada, anasubiri kupimwa.

Kabula hakuwa na futi ya kupimia. Alitazama huku na huku. Mimi nilikata kamba ya robota la mitumba lililokuwa karibu, nikampa. Akaizungusha kifuani kwa Mama Doto, akafunga fundo, akaishusha kiunoni, akafunga fundo la pili, anahesabu kwa midomo bila sauti. Alipofika kwenye urefu kamba ilimponyoka, akatazama nani amshikie. Hapakuwa na aliyekuwa karibu zaidi yangu. Nikapiga goti kwenye mavumbi na suruali yangu ya kitambaa, nikaishika ncha ya kamba karibu na kisigino cha Mama Doto, nikaambiwa nisitikisike.